Feritini isomwe pamoja na CRP: mwongozo kamili wa protini za inflamesheni kwenye upungufu wa damu

Kuna jibu moja la maabara limewapoteza watu wengi sana na ndo limenifanya nikae niandike huu mwongozo. Mtu anachoka, akipanda ngazi kidogo anahema, himoglobini iko 9.8, anapimwa feritini, ile protini inayohifadhi chuma mwilini, inatoka 60, anaambiwa chuma unacho cha kutosha, tatizo lako sio chuma, nenda nyumbani. Anaenda. Miezi inapita anarudi himoglobini imefika 8. Mashine ilisoma vizuri kabisa, shida ni kwamba hakuna aliyeuliza mwili wa huyu mtu ulikuwa kwenye hali gani siku ile damu inatolewa. Feritini 60 kwa mtu ambaye hana ugonjwa wowote unaochemka mwilini inamaanisha stoo ina chuma. Feritini hiyohiyo 60 kwa mtu mwenye baridi yabisi, viungo vimevimba, CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa unapambana na ugonjwa) iko 40, inaweza kabisa kuwa stoo tupu.

Kwahiyo kama utabeba kitu kimoja tu hapa beba hiki: feritini isisomwe kamwe bila CRP ya siku hiyohiyo, ikiwezekana ya damu ileile. Mengine yote nitakayoandika yanazunguka hapo. Huu mwongozo ni wa kukusaidia kuelewa majibu yako na kuuliza maswali ya maana kwa daktari, usiutumie kujianzishia dawa.

Hatua ya 1: hakikisha damu kweli imepungua, na imepungua kwa sura gani

Hii tunaipita haraka. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanaume mzima ana upungufu wa damu himoglobini ikiwa chini ya 13 g/dL, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, mjamzito chini ya 11, ila ile miezi mitatu ya katikati ya ujauzito wanakubali mpaka 10.5 kwa sababu maji ya damu yanaongezeka sana. Anayevuta sigara na anayeishi sehemu za milimani sana himoglobini yake huwa juu kidogo kiasili, kwahiyo kwake namba inaweza kuonekana nzuri kumbe sio.

Kwenye kipimo cha picha kamili ya damu, ile FBP au CBC, angalia vitu viwili zaidi. MCV ndo ukubwa wa seli nyekundu, chini ya 80 seli ni ndogo, 80 mpaka 100 kawaida, juu ya 100 ni kubwa. Halafu retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa, zinakwambia kama uboho, ile sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, unafanya kazi au umelala. Retikulosaiti zikiwa juu mara nyingi damu inavunjwa au inavuja mahali na kiwanda kinajitahidi kufidia. Zikiwa chini wakati himoglobini iko chini, kiwanda chenyewe kina tatizo, ama hakina malighafi ama kimezuiwa.

Hatua ya 2: elewa mwili unafanya nini na chuma unapoumwa

Hapa usipite haraka kwa sababu ukielewa hii sehemu namba zote zitajieleza zenyewe. Inflamesheni ni ile hali ya kinga ya mwili kuamka na kupambana, iwe ni na bakteria, na jeraha, na saratani, au mwili unajishambulia wenyewe kama kwenye lupasi. Seli za kinga zinatoa vijumbe, kinachotuhusu zaidi hapa kinaitwa intalukini 6, wanaandika IL-6. Kijumbe hiki kikifika kwenye ini, ini linabadilisha ratiba yake ya uzalishaji. Protini fulani zinatengenezwa kwa wingi ghafla: CRP, feritini, faibrinojeni, haptoglobini, na AGP ambayo jina lake refu ni alfa-1 asidi glaikoprotini. Nyingine zinashuka: albumini, na transferini ambayo ndo gari linalobeba chuma kwenye damu. Zote kwa pamoja zinaitwa protini za hali ya dharura, za kupanda na za kushuka.

Ila mhusika mkuu ni homoni ndogo ya ini inaitwa hepsidini, ina amino asidi 25 tu, na iligunduliwa juzi tu, miaka ya 2000 na 2001, ndo maana vitabu vya zamani havina habari zake. Kazi yake ni kufunga mlango. Kwenye seli za utumbo, na kwenye seli za kinga zinazokula seli nyekundu zilizozeeka ili kurudisha chuma kwenye mzunguko, kuna mlango wa kutolea chuma unaitwa feropotini. Hepsidini inashika huo mlango na kuufanya uvunjwe. Chuma ulichokula hakivuki utumbo, chuma kilichookolewa kutoka seli kuukuu kinabaki kimefungiwa ndani. Mwili una sababu yake, bakteria wengi wanahitaji chuma ili wazaliane, kwahiyo kuwaficha chuma ni silaha. Kwa ugonjwa wa wiki moja hii silaha inafaa sana. Kwa ugonjwa wa miaka uboho unakaa na njaa ya chuma wakati stoo imejaa, na hapo ndo tunapata upungufu wa damu wa magonjwa sugu, ambao siku hizi wengi wanauita upungufu wa damu wa inflamesheni. Juu ya hapo inflamesheni inapunguza homoni ya figo inayoamsha uboho, ile erithropoietini, inaufanya uboho usiisikie vizuri hata ikiwepo, na inafupisha kidogo maisha ya seli nyekundu. Mambo manne kwa mpigo.

Hatua ya 3: kabla damu haijatolewa

Watu wanaharibu majibu hapa bila kujua. Kama ulikuwa na homa, mafua makali, jino limevimba, umefanyiwa upasuaji au umechanjwa siku chache zilizopita na sio dharura, subiri wiki mbili hata tatu ndo upime feritini. Kama haiwezekani kusubiri pima tu, lakini mwambie daktari aandike.

Vidonge vya chuma usimeze asubuhi ya kipimo na kama unaweza acha siku moja kabla, kwa sababu chuma cha kwenye damu kinaruka ndani ya saa chache baada ya kumeza kidonge halafu asilimia ya transferini iliyobeba chuma inatoka nzuri ya uongo. Toa damu asubuhi, chuma cha damu hupanda na kushuka ndani ya siku. Kama unatumia virutubisho vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi, sema, vinaweza kuchanganya baadhi ya mashine.

Na hili naomba ulishike, kama mtu yuko hatarini na anaongezewa damu, chupa za vipimo zichukuliwe KABLA ya kuongezewa. Ukishaingiza damu ya mtu mwingine unasoma mchanganyiko wa watu wawili, MCV inabadilika, chuma kinabadilika, kipimo cha aina ya himoglobini kinaharibika, na chanzo cha tatizo kinaweza kukaa miezi hakijulikani. Naumia sana kila nikiona hii kwa sababu ni dakika mbili tu za kuvuta chupa mbili za ziada.

Omba hivi viwe pamoja: picha kamili ya damu na retikulosaiti, CRP, feritini, chuma cha damu na transferini au TIBC (uwezo wote wa damu kubeba chuma), kreatinini ya figo, na vipimo vya ini. Kama kuna manjano machoni au mkojo mweusi ongeza haptoglobini, LDH (kimeng'enya kinachomwagika seli zikivunjika) na bilirubini (rangi ya manjano inayotokana na seli nyekundu kuvunjwa).

Hatua ya 4: anza kusoma na CRP, usianze na feritini

CRP iligunduliwa 1930 na William Tillett na Thomas Francis wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia, na mpaka leo ndo kipimo cha inflamesheni kilichoenea kuliko vyote. Inaanza kupanda ndani ya saa 6 mpaka 12 tangu kitu kiwake mwilini, inafika kilele kama siku ya pili, na chanzo kikizimwa inashuka kwa nusu karibu kila saa 19. Kwa hiyo CRP inakupa habari za leo na jana, haikupi za mwezi uliopita.

Kwa kazi yetu hii ya upungufu wa damu mstari ni 5 mg/L. Chini ya hapo soma feritini kawaida. Juu ya hapo feritini yako imepandishwa, swali linabaki kwa kiasi gani. Angalia kipimo kimeandikwa kwa mg/L au mg/dL, kwa sababu 1 mg/dL ni sawa na 10 mg/L na nimeona mtu anafurahia CRP 4 kumbe ni 4 mg/dL, yaani 40. CRP iliyopanda kidogo, tuseme 6 mpaka 10, inaweza kuwa ni unene tu, uvutaji wa sigara, au fizi mbovu, sio lazima iwe ugonjwa mkubwa. Na CRP haikwambii tatizo liko wapi, inakwambia lipo tu.

Sasa AGP. Hii inapanda taratibu, inachukua siku kadhaa, na inabaki juu hata baada ya CRP kurudi chini. Mstari wake ni 1 g/L. Ukiwa na zote mbili unaweza kujua uko wapi kwenye safari ya ugonjwa: CRP juu na AGP kawaida, ugonjwa ndo unaanza. Zote juu, uko katikati. CRP imerudi na AGP bado juu, unapona lakini feritini bado haijatulia. Maabara nyingi za kawaida hazipimi AGP, inatumika zaidi kwenye tafiti za lishe, kwahiyo usiumie ukiikosa.

ESR, yaani kasi ya seli nyekundu kushuka kwenye mrija, je? Bado inapimwa sana, na kwenye upungufu wa damu ina kasoro kubwa mbili. Kwanza upungufu wa damu wenyewe unaipandisha, seli zikiwa chache zinashuka haraka kwenye mrija hata kama hakuna inflamesheni. Pili, kwa mtu wa selimundu inakuwa chini ya uongo, kwa sababu ESR inategemea seli kupangana kama sarafu zilizorundikwa na seli zenye umbo la mundu hazipangani. Mgonjwa wa selimundu mwenye maambukizi makali anaweza kuwa na ESR nzuri kabisa. Kwa hiyo ukichagua kimoja chagua CRP.

Hatua ya 5: sasa feritini

Feritini ni protini ya kuhifadhia chuma ndani ya seli, kiasi kidogo kinatoka kwenye damu na ndo tunachokipima. ng/mL na µg/L ni kitu kimoja, usihangaike.

Feritini ya chini kabisa haina mjadala. Ikiwa chini ya 15 kwa mtu mzima, chuma hakipo, iwe CRP ni 2 au 200, hakuna kitu kingine cha kawaida kinachoishusha hivyo. Wataalamu wengi wa damu wanatumia 30 badala ya 15 kwa sababu ukisubiri 15 unawaacha watu wengi ambao uboho wao umeshakauka, na mimi niko upande wao.

CRP ikiwa juu, Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri usogeze mstari mpaka 70 kwa watu wazima na watoto wakubwa, na 30 kwa watoto chini ya miaka 5 (bila inflamesheni kwa hao wadogo ni 12). Kwa magonjwa ya utumbo yanayowaka kama Crohn madaktari wanakwenda mpaka 100. Kwa figo ni zaidi ya hapo, nitalifikia.

Feritini ya juu nayo ina mtego wake. Mtu anaona 600 anashtuka anadhani ana chuma kingi sana. Inaweza kuwa ni inflamesheni, ini lenye mafuta au lililoumizwa na pombe, damu aliyoongezewa mara nyingi, au kweli chuma kimezidi. Anayeamua ni transferini, hatua inayofuata.

Hatua ya 6: transferini, asilimia yake, na kipokezi chake

Fikiria transferini kama magari na chuma kama mzigo. Mwili usipokuwa na chuma ini linaongeza magari kutafuta mzigo popote ulipo, kwahiyo transferini au TIBC inapanda. Kwenye inflamesheni ini linapunguza magari. Chuma cha damu kinashuka kwenye hali zote mbili, ndo maana chuma cha damu peke yake hakikusaidii kabisa kutofautisha na sijui kwanini watu bado wanakipima chenyewe tu.

Hesabu ni rahisi, chukua chuma cha damu gawa kwa TIBC zidisha kwa 100. Mtu wa kwanza ana chuma 4 µmol/L na TIBC 80, anapata asilimia 5. Wa pili chuma 6 na TIBC 40, asilimia 15. Wote wako chini ya 20 ambayo ndo mpaka, lakini wa kwanza magari ni mengi na matupu, huyo ni upungufu wa chuma wa wazi, na wa pili magari yenyewe ni machache, hapo inflamesheni ina mkono. Kama transferini iko chini na albumini nayo iko chini huku CRP juu, picha imekamilika. Wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango transferini inapanda yenyewe, kumbuka hilo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa kesi ngumu ni kipokezi cha transferini kinachoelea kwenye damu, wanaandika sTfR. Seli yenye njaa ya chuma inaweka vipokezi vingi juu ya ngozi yake na vipande vinadondokea kwenye damu. Uzuri wake ni kwamba inflamesheni haikigusi sana kama inavyoigusa feritini. Ubaya wake, kinapanda pia uboho ukiwa unakimbia sana, kwa mfano damu inapovunjwa au kwenye talasemia (ugonjwa wa kurithi wa himoglobini), na maabara hazitumii vipimo vinavyolingana.

Unaweza kuviunganisha: sTfR kwa mg/L gawa kwa logi ya feritini, ile logi yenye msingi wa kumi. Turudi kwa yule mwenye feritini 60 na CRP 40. Logi ya 60 ni 1.78. Kama sTfR yake ni 4.2 unapata 2.36, na juu ya 2 maana yake uboho una njaa ya kweli, huyu ana ugonjwa sugu NA upungufu wa chuma, vyote viwili. Kama ingekuwa 1.6 ungepata 0.9, chini ya 1, hapo ni inflamesheni peke yake imefungia chuma na vidonge visingemsaidia sana. Katikati ya 1 na 2 usilazimishe jibu, na uliza maabara mipaka ya mashine yao maana inatofautiana.

Kama sTfR haipatikani, mashine nyingi za kisasa za picha ya damu zinaweza kutoa himoglobini ya ndani ya retikulosaiti, iko chini ya kama 29 pg pale seli changa zinapozaliwa na njaa. Mara nyingi iko palepale kwenye mashine na hakuna aliyeiomba.

Hepsidini yenyewe ingekuwa ndo jibu, kwenye upungufu wa chuma inashuka mpaka karibu haionekani na kwenye inflamesheni inapanda, lakini bado sio kipimo cha kila siku hospitalini.

Hatua ya 7: weka picha kwenye aina ya upungufu wa damu

Upungufu wa chuma wa kawaida: CRP chini, feritini chini, transferini juu, MCV inashuka. Hapa kazi kubwa ni kutafuta chuma kinapopotelea, hedhi nzito, vidonda vya tumbo, minyoo, na kwa mwanaume mzima au mwanamke aliyekoma hedhi utumbo uchunguzwe, usikubali kupewa vidonge tu ukaondoka.

Wa inflamesheni: CRP juu, feritini kawaida au juu, transferini chini, MCV mara nyingi kawaida, retikulosaiti chache. Huwa ni wa wastani, himoglobini ikienda chini ya 8 tafuta sababu nyingine ya ziada, usiibebeshe inflamesheni kila kitu. Tiba yake ni kutibu ugonjwa wenyewe. Ushahidi mzuri ni wagonjwa wa baridi yabisi wanaopewa tosilizumabu, dawa inayoziba IL-6: hepsidini inashuka na himoglobini inapanda.

Figo: hapa mambo matatu yanakutana, figo hazitoi erithropoietini ya kutosha, hepsidini inarundikana, na wengi wana inflamesheni ya muda wote. Ndo maana kwa mgonjwa wa figo ambaye hajaanza dayalisisi upungufu wa chuma unahesabiwa feritini ikiwa mpaka 100, na anayesafishwa damu mpaka 200, huku asilimia ya transferini iko 20 au chini. Ukimsoma kwa mipaka ya mtu mwenye figo nzima unamnyima tiba.

Damu inayovunjwa: hapa nyota ni haptoglobini. Inakamata himoglobini iliyomwagika na zote mbili zinaondolewa, kwahiyo inashuka mpaka karibu sifuri, LDH na bilirubini isiyo ya moja kwa moja zinapanda, retikulosaiti zinapanda. Sasa kumbuka hatua ya 2, haptoglobini ni protini ya dharura inayopandishwa na inflamesheni. Mtu mwenye CRP 120 na damu inavunjwa kidogo anaweza kuonyesha haptoglobini ya kawaida, na mtu akaondoa kabisa wazo la damu kuvunjwa. Ukiona CRP juu sana na haptoglobini iko ndani ya kawaida lakini upande wa chini, usiseme damu haivunjwi. Upande wa pili, ini likichoka haptoglobini inashuka bila damu yoyote kuvunjwa, na watoto wachanga wanayo kidogo sana kiasili. LDH nayo inapanda chupa ikitikiswa au ikivutwa vibaya, omba irudiwe.

Selimundu: hata siku ambayo mgonjwa yuko vizuri CRP yake inaweza kuwa juu kidogo, na wakati wa maumivu makali inaruka. Kitu cha muhimu ni kujua CRP ya mtu huyo akiwa mzima ni ngapi na iandikwe kwenye kadi yake, ili siku ya homa kuwe na cha kulinganisha. Feritini yake mara nyingi iko juu kwa kuongezewa damu, isipimwe siku za maumivu.

Talasemia: seli ndogo sana lakini idadi yake ni kubwa, feritini kawaida au juu, CRP kawaida. Hawa wanapewa vidonge vya chuma kimakosa miaka na miaka kwa sababu ya MCV tu. Ubaya ni kwamba uboho wao unatoa homoni ya erithroferoni inayoishusha hepsidini, mlango unabaki wazi, na chuma kinaingia hata kwa wasioongezewa damu. Kuwaongezea vidonge bila kuthibitisha kuwa chuma kimepungua ni kuwaumiza.

Vitamini B12 na folati: MCV juu, CRP kawaida isipokuwa kama kuna jambo jingine. Kinachochanganya ni kwamba LDH inapanda sana na haptoglobini inashuka kwa sababu seli kubwa zinakufa ndani ya uboho kabla hazijatoka, inafanana kabisa na damu kuvunjwa, ila hapa retikulosaiti ziko chini. Hiyo retikulosaiti ndo inayokuokoa.

Malaria inachanganya kila kitu kwa wakati mmoja, CRP inapaa, feritini inapaa, haptoglobini inashuka. Tibu malaria kwanza, subiri wiki kadhaa, ndo usome chuma.

Hatua ya 8: mitego ya CRP yenyewe

CRP inatengenezwa na ini, ini likishindwa kazi inaweza kubaki chini hata mtu ana maambukizi mabaya. Anayetumia tosilizumabu CRP inakaribia sifuri kwa sababu njia yake imezibwa, usiitumie kupima maambukizi kwake. Kwenye lupasi CRP mara nyingi haipandi sana hata ugonjwa ukiwa mkali, wakati ESR iko mbali juu, kwahiyo CRP 6 kwa mgonjwa wa lupasi isikufanye useme hakuna inflamesheni na feritini ni ya kuaminika. Hapo nenda kwenye sTfR.

Hatua ya 9: baada ya kujua

Kama una upungufu wa chuma bila inflamesheni, vidonge vinafanya kazi. Kidonge kimoja kinapandisha hepsidini kwa karibu siku nzima, ndo maana siku hizi madaktari wengi wanaagiza siku moja unakunywa siku moja unaacha, mwili unapokea vizuri zaidi na tumbo linasumbua kidogo. Himoglobini inatakiwa kupanda kama 1 g/dL baada ya wiki mbili na karibu 2 baada ya wiki tatu nne. Ikishafika kawaida endelea kama miezi mitatu ujaze stoo, wengi wanaacha hapa na wanarudi mwaka unaofuata na jibu lilelile.

Isipopanda, kabla ya kubadilisha kidonge pima CRP tena. Ikiwa juu, mlango umefungwa, vidonge vinaishia chooni, na hapo daktari anaweza kufikiria chuma cha mshipani ambacho hakipitii utumbo. Ila cha mshipani hakipewi wakati una maambukizi makali ya bakteria yanayoendelea, ni kwa sababu ileile ya mwili kuwaficha bakteria chuma.

Ukishapewa chuma cha mshipani feritini inapanda juu sana kwa muda, usiipime kabla ya wiki nne, ikiwezekana nane. Na kila ukipima, iwe tena pamoja na CRP, andika zote mbili mstari mmoja na tarehe yake na ulikuwa unajisikiaje siku ile, homa, dawa gani, mara ya mwisho kuongezewa damu lini. Hiyo karatasi mpe daktari kabla hajaanza kusoma majibu mapya.

Kama unahema ukiwa umekaa, kifua kinabana, unazimia, mkojo umekuwa mweusi, choo kimekuwa cheusi kama lami, au mtoto mwenye selimundu amepauka ghafla na tumbo limevimba upande wa kushoto, acha kusoma namba, nenda hospitali sasa hivi.